Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Dawa kwa Saa Yake

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum. Hesabu atazisoma mtunza hazina, na mwenye deni la ada anajijua. Mimi nafasi yangu naitumia kwa jambo lililonikosesha usingizi mwaka huu: wagonjwa wetu wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayokakamaza mwili, kucheleweshewa dawa.

Kabla ya Ramadhani nilikwenda kumtazama mzee wetu wa Ngamiani, mshona kofia, aliyelazwa kwa nimonia katika hospitali moja. Nyumbani hunywa dawa zake za Parkinson, levodopa na kabidopa, saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 na saa 12 jioni. Wodini vidonge vyake vilifungiwa kwenye droo, akawa anapewa asubuhi na jioni pamoja na wenzake. Siku ya tatu nilimkuta amekakamaa, uji haupiti, sauti imebaki mnong'ono. Alipotapika akaandikiwa metoklopramidi, dawa ya kichefuchefu inayoizuia dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili, ileile tunayohangaika kuirudisha. Wauguzi wale si wakatili. Hakuna aliyewahi kuwafundisha, na mimi mwaka wangu wa kwanza kazini ningefanya vilevile.

Ndipo tukachapisha kadi ya kuning'iniza kitandani. Inaonyesha saa za dawa, inakataza metoklopramidi na haloperidoli (dawa ya maradhi ya akili ambayo nayo huizuia dopamini), na inakumbusha kidonge kitangulie chakula kwa nusu saa, maana protini ya samaki na maharage hushindana nacho kuingia mwilini.

Kuwatambua wagonjwa bado ni kazi kubwa. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, uliwakuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wameambiwa kabla wanaumwa nini. Sioni kwa nini Muheza au Pangani kuwe tofauti. Mzee anayeburuta mguu, uso umetulia kama hana furaha wala huzuni, huambiwa ni umri, au karogwa. Wahudumu wa afya wa mitaani ndio wanaomwona kwanza. Nawashukuru sana.

Nawashukuru pia wenzetu wa mazoezi tiba. Pongwe kuna bibi ambaye akifika mlangoni miguu inagoma. Mwenzetu aliomba ukili ambao bibi mwenyewe anausuka, akakata vipande vitano, akavibandika sakafuni hatua kwa hatua. "Vuka ukili, bibi." Bibi akavuka cha kwanza, cha pili, mpaka uani, akasimama juani akilia. Kwa hilo hatukununua kitu ila gundi.

Ramadhani ijayo tusiwaachie wagonjwa waamue peke yao. Wapo walioacha dawa za mchana kimyakimya, tukawaona wameshaanguka. Maimamu wawili wamekubali kulieleza msikitini kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula. Tuwatafute na wengine mapema, kuanzia Rajabu.

Kadi zimebaki boksi moja, lipo mezani kwa katibu. Kila anayefanya kazi wodini achukue kumi kabla hajaondoka leo.

Mwenyekiti,
Tanga