Mto haulipi, bahari inadai

Ndugu Mhariri,

Ukipanda daladala ya Mwenge kwenda Tegeta, mkishapita Tangi Bovu hamkai sana kabla konda hajaanza kuita, "Afrikana! Afrikana wa kushuka!" Vijana wengi wanaoshuka hapo hawajui kwamba jina hilo lilikuwa la hoteli, na kwamba hoteli yenyewe haipo kwa sababu ufukwe iliosimama juu yake uliliwa na maji. Huikumbuka kila nikisikia viongozi wakisema fukwe za Dar es Salaam zinamomonyoka kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, kisha wanaagiza mawe.

Tabianchi siibishii. Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa limeeleza kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kwa sentimita 20 hivi kati ya mwaka 1901 na 2018, na kwamba mwishoni mwa kipindi hicho ulikuwa ukipanda milimita 3.7 kila mwaka. Bamvua la sasa, yaani yale maji makuu ya bahari, linaanzia juu kuliko lile la babu zetu, na likikutana na upepo wa kusi tunaliona wenyewe. Lakini milimita 3.7 peke yake haing'oi minazi safu nzima ndani ya miaka michache. Na ile hoteli ilianza kuliwa kabla neno "tabianchi" halijazoeleka hata kwenye magazeti.

Kinacholiwa ni mchanga, na mchanga una kwao. Mwingi hutoka bara, huletwa na mito ambayo wakati wa kiangazi unaivuka bila kulowa magoti: Mbezi, Tegeta, Mpiji. Masika mto huumwaga baharini, mawimbi yakausambaza kandokando ya pwani. Miaka yote bahari imekuwa ikichukua na mto ukilipa. Siku hizi mto haulipi, maana mchanga wake unaishia kwenye tipa. Wanaokaa karibu na madaraja yetu wanaujua mngurumo wa alfajiri, na wameona kingo zinavyochimbwa hadi nyumba zinabaki zikining'inia.

Sina ugomvi na vijana wa chepe. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta mkoa huu una watu wasiofika milioni 2.5; ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Wote hao wanalala chini ya paa, na tofali ni mchanga. Nyumba ninamoandikia barua hii ilijengwa kwa mchanga wa mtoni, trip kwa trip, na sikuuliza ulikotoka. Niliuliza bei tu.

Tumejibu nini? Kuta. Ule wa kando ya Barabara ya Barack Obama, uliokamilika 2018, siukosoi. Palikuwa na barabara ya kuokoa. Nachokosoa ni huu mtindo wa kila mwenye kiwanja cha ufukweni kujijengea ukuta au kuingiza tuta la mawe baharini. Tuta linanasa mchanga upande mmoja, na jirani wa upande wa pili ananyimwa. Naye anajenga lake. Jirani yangu mmoja, jina lake nalihifadhi, alijenga ukuta mzuri kweli. Leo mbele yake hakuna ufukwe, mawimbi yanapiga zege na kurudi na mchanga, na wavuvi waliokuwa wakipandisha ngalawa pale wamehamia mbali.

Cha kushangaza zaidi ni kwamba mji huohuo una mto mwingine unaosongwa na mchanga. Msimbazi unashuka kutoka milima ya Pugu ukiwa umebeba udongo wa vilima vilivyofyekwa, unaushusha kwenye bonde la Jangwani, mkondo unajaa, mvua ikinyesha barabara inafungwa. Tangu mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40, mchanga wa Jangwani umekuwa ukizolewa na kurudi. Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde lile, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Ninauunga mkono. Ila ningependa kusikia mhandisi mmoja akisema hadharani mchanga utakaochimbwa pale utapelekwa wapi, na kama hata sehemu yake, ukishapimwa usafi, inaweza kurudishwa ufukweni ulikokuwa ukienda.

Sheria tunayo. Ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Hizo mita 60 nimeziona zikipimwa kwa makini sana mabondeni, kwenye vibanda vya watu wa chini. Ufukweni kamba ya kupimia huwa fupi.

Ombi langu kwa halmashauri yetu si kupiga marufuku mchanga, tutajengea nini? Waonyeshe machimbo ya nchi kavu, na bei yake isimshinde mtu anayejenga chumba na sebule. Wabandike kwenye ofisi za mitaa orodha ya vibali vyote vya kuchimba mtoni: nani, sehemu gani, trip ngapi kwa mwezi. Na kabla ya kibali kingine cha ukuta kutolewa, majirani wa pande zote mbili waitwe, wavuvi wakiwemo, waulizwe.

Mkazi wa Mbezi Beach,
Dar es Salaam