Jengo Kuu la Makerere lilivunjwa, semeni hivyo

Ndugu Mhariri,

Miaka mingi nimelisoma gazeti lako na kulikunja kimya kimya. Safari hii nimeshindwa. Ile habari yenu ya Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, kule Uganda, mmeisimulia kana kwamba jengo la 1941 liliugua homa, likalazwa, sasa limeruhusiwa kurudi nyumbani.

Hapana. Alfajiri ya Septemba 20, 2020 lilishika moto kuanzia juu, paa likateketea, na kuta zilizosalia zikaja kubomolewa. Lililofunguliwa Oktoba 2024 ni jipya, limepewa sura ya marehemu. Si vibaya, wamejenga vizuri. Lakini Nyerere aliyesoma pale 1943 hadi 1945 hakukanyaga ngazi hizi, wala Kibaki, wala Mkapa.

Kinachoniuma zaidi ni makaratasi. Moto ule ulipita kwenye kumbukumbu na ofisi za fedha, nanyi hamkuuliza hata kwa sentensi moja mafaili yako wapi. Machungu hayo nayajua. Nikifuatilia mafao yangu, nilitakiwa kupeleka uthibitisho kutoka chuo nilikosomea ualimu (si Makerere, na sitakitaja). Nikakuta bweni letu la zamani limevunjwa, pameota ukumbi wa vioo wa kukodisha kwa harusi. Masjala imesukumiwa chini ya ngazi, mafaili yameshindiliwa kwenye viroba vya mbolea, vya chini vimelowa, mchwa wamejenga njia yao hadi herufi M. Kijana wa zamu hakuinua macho kwenye simu. "Mzee, la kwako halipo. Njoo na shahidi uliyesoma naye." Shahidi! Wenzangu nimewazika. Nikamuuliza harusi ya Jumamosi ni ya nani. Hilo alilijua, tena na idadi ya viti.

Na hao wa mafao nao, uhakiki hauishi! Nilihakikiwa nikiwa na meno, nimehakikiwa sina, bado wanauliza kama ni mimi.

Pendekezo langu: Makerere wabandike kibao mlangoni, kiseme la kwanza lilikamilika 1941, likaungua 2020, likabomolewa, na hili ni la 2024. Na kabla ya kuzindua jengo lolote la chuo, mgeni rasmi apelekwe kwanza masjala, aitishe faili moja la mwaka 1965 na alisubiri amesimama. Lisipoonekana, mkasi urudishwe kwenye sinia na watu wagawiwe soda zao waondoke.

Mwalimu mstaafu,
Bukoba