Barua kwa mpwa wangu anayewapeleka vijana Rabai

Mpwa wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nimesikia parokia imekukabidhi vijana wa kuzuru Rabai, kule vilimani nyuma ya Mombasa, na kwamba umepanga kuwaambia "misheni ilianzishwa na Krapf mwaka 1846", basi. Si uongo, ila ukianzia hapo watoto watarudi bila kuelewa kitu.

Anzia Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwenye kaburi la Rosina, mke wa Krapf. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Unguja Januari 1844, akapata barua ya Sultani Sayyid Said ya kumtambulisha, kisha akahamia Mombasa. Julai mwaka huohuo homa ikamchukua mkewe, na mtoto wao mchanga akafuata. Waonyeshe vijana kwamba Rosina amelazwa bara, si kisiwani: ndiko mumewe alikokusudia kwenda. Waambie pia kwamba mwezi mmoja kabla ya msiba, Krapf alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhiddin. Hilo usiliruke hata kidogo. Kiswahili cha Biblia yetu kilipita kwanza mikononi mwa Mwislamu msomi.

Miaka miwili alikaa mjini, akitembelea Wanyika, ndio Wamijikenda wa leo, na kujifunza lugha. Mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, alipofika Juni 1846, ndipo kituo kikawezekana. Hapa vijana hukosea: hudhani barua ya Sultani ilitosha. Ilisaidia pwani, lakini juu kule Rabai ardhi ilikuwa ya wazee, na wao ndio waliotoa ruhusa. Tarehe 25 Agosti wawili hao walipanda vilima wote wakiwa na homa, Krapf akibebwa na punda.

Mavuno yalikuwa haba mno. Wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Wagner waliongezwa 1849. Wagner akafa mwaka huohuo. Mringe, Mnyika mlemavu, alibatizwa 1851 akiwa kitandani karibu kufa. Sababu mojawapo i wazi: mtu aliyeacha mila za kaya, yaani kijiji kitakatifu cha wazee msituni, aliacha pia ukoo, na misheni haikuwa na mji wa kumpokelea. Krapf aliondoka 1853 akiota mlolongo wa vituo hadi magharibi mwa Afrika. Rebmann akabaki palepale hadi 1875, macho yakiwa yamepofuka. Mimi nampa heshima kubwa zaidi Rebmann, na ningependa nawe umpe dakika nyingi kwa miaka hiyo ya Rabai kuliko zile za kusimulia alivyouona mlima Kilimanjaro.

Rabai ilijaa baadaye, kwa watu ambao vitabu huwataja kwa ufupi: Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa India, kama William Jones na Ishmael Semler, na nyuma yao watumwa watoro waliokimbia mashamba ya pwani. Wenye watumwa wakaja juu, wakadai watu wao. Ikabidi kulipa fidia. George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani (Imperial British East Africa Company) akaisimamia, na tarehe 1 Januari 1889 vyeti vya uhuru vikatolewa Rabai. Hesabu ya watoro wa misheni za pwani ilipita 1,400. Hapo simama, wape nafasi ya kuuliza.

Ukitaka kuwaonyesha na Kaya Mudzi Mwiru, mojawapo ya kaya za Rabai, usiingie na basi zima. Wapelekee wazee habari mapema, waambie idadi ya watoto, na wakisema wasubiri langoni, wasubiri.

Mjomba wako