Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Kwanza na Habari za Kikundi cha Jumamosi

Lamu, Aprili 2025

Kwa wazazi na walezi wetu,

Assalaam alaykum. Natumai Idi imepita kwa heri majumbani mwenu. Watoto wamepewa ripoti zao leo, na tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya ripoti. Mwenye swali la alama au la karo milango ya ofisi i wazi. Barua hii nimeiandika kwa jambo jingine, ambalo baadhi yenu mmeniuliza gatini, wengine nje ya msikiti, na mama mmoja alinisimamisha sokoni: kikundi cha Jumamosi, kile kinachowatoa watoto darasani kwenda mikokoni, kwenye vilima vya mchanga na baharini.

Nianze na kosa, kwa kuwa ni langu.

Jumamosi ile ya Shaaban niliridhia safari ya kwenda magofu ya Takwa, katika kisiwa cha Manda. Mnaojua Manda mnajua kwamba kufika Takwa kwa chombo ni kupita katika mkono wa bahari uliofunikwa na mikoko, na mkono ule haupitiki ila maji yamejaa. Siku yenyewe ilikuwa ya maji mafu. Maji yalijaa mnamo saa nne asubuhi, tena yalijaa kidogo, na nahodha alituambia saa tano na nusu tuwe chomboni. Mimi ndimi niliyechelewesha. Nilikuwa magofuni nawaeleza watoto habari za mji ule uliohamwa karne ya 17, na kaburi la nguzo ambalo watu wa Shela huliendea kuomba mvua. Tuliporudi, mashua ilikuwa imekalia tope. Tukakaa pale mpaka jua likazama, simu hazishiki, na tukafika gatini baada ya isha. Niliwakuta mmesimama na tochi. Kila mzazi aliyesimama pale usiku ule namwomba radhi, na waliokuja juu yangu walikuwa na haki.

Lakini nawaomba mjue pia yaliyotokea kwenye tope lile. Mimi nilipoanza kuhangaika, mtoto wa Gredi ya 6 alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, leo mwezi ni nane. Maji yanapwa mpaka saa kumi, halafu yanarudi." Wenzake wakakaa wakapiga hesabu mchangani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani tarehe mosi na kumi na tano au karibu yake, ni bamvua: maji hujaa sana mnamo saa kumi na kupwa sana mnamo saa nne. Tarehe saba, nane, na ishirini na mbili hivi, ni maji mafu, na saa zinageuka. Kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika hamsini. Ajuaye tarehe ya mwezi wa Kiislamu anajua na maji. Watoto walisema chombo kitaelea baada ya magharibi, na kikaelea baada ya magharibi. Wakubwa waligawa maji ya kunywa kwa kifuniko cha chupa, wakatandaza tanga liwe kivuli kwa wadogo, wakahesabiana kila baada ya muda. Hakuna aliyelia. Hesabu ile hawakuitoa kitabuni. Waliifunzwa na babu wa mmoja wao, mvuvi wa miaka mingi, aliyekuja kukaa nao chini ya mwembe wa shule Jumamosi mbili.

Kwa hiyo safari hazitakoma, ila utaratibu umebadilika. Kuanzia sasa karatasi ya safari itakuwa na tarehe ya mwezi, saa ya maji kujaa na saa ya kupwa, na nahodha ataweka sahihi kabla yangu. Akisema hapana, hatuendi. Kila mtoto atavaa jaketi la kujiokoa tangu gatini mpaka gatini, hata aliye hodari wa kuogelea.

Wapo wazazi wa Gredi ya 9 walioniambia kuwa huu ni mwaka wa mtihani, na kwamba watoto wao ndio wa kwanza kabisa kuufanya, basi mambo ya kutembea yasubiri. Nawaelewa. Hata hivyo nimewaona hawa watoto katika somo la sayansi baada ya kwenda mikokoni. Zamani walikariri kwamba mizizi hupumua. Sasa wanajua kuutenga mchu, ambao mizizi yake huchomoza topeni kama vidole, na mkoko uliosimama juu ya magongo yake, na wanajua kwa nini mlilana hukaa mbele kabisa, upande wa bahari. Mmoja aliniuliza kwa nini watu hupanda mkoko mahali pa mlilana halafu wakashangaa miche ikifa. Wengi wenu mmelelewa kwa pesa za boriti. Mtoto anayejua kutenganisha miti ya mikoko kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na anayejua mti upi uachwe ukue, anajifunza kazi ya nyumbani kwao.

Muhula wa pili ni wakati wa kusi na masika. Bahari itachafuka, nasi hatutatoka na chombo. Tutakwenda kwa miguu kwenye vilima vya Shela. Nataka kila mtoto wa mji huu afahamu maji anayokunywa yanatoka wapi: mvua huzama katika mchanga ule, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Mchanga ukichukuliwa, au visima vikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Jambo hili linanikosesha usingizi kuliko mtihani wowote. Watajifunza pia kutumia dira, kufunga mafundo ya chombo, kuwasha moto na kuuzima usiache hata kaa moja, na kuitambua Kilimia, lile kundi la nyota. Wazee wanaokumbuka yale maneno ya Kilimia kuzama kwa jua na kuzuka kwa mvua, tafadhali waje wawaeleze watoto maana yake.

La mwisho ni la mabinti. Wasichana walikuwa wengi mwanzoni, wakapungua wiki baada ya wiki, na hasa tulipofika kwenye kuogelea. Sisi ni watu wa kisiwa. Mtoto wetu wa kike hupanda mashua kwenda hospitali, kwenda harusini, kwenda shule ya bweni. Inaniuma kwamba akianguka majini hajui la kufanya. Mafunzo yao yatakuwa peke yao, asubuhi mapema, yakiongozwa na walimu wa kike, kwa mavazi ya stara ambayo nyinyi wenyewe mtayaridhia. Akina mama wanaotaka kuja kukaa ufukweni wakitazama, karibuni sana.

Fomu ya ruhusa imebanwa nyuma ya barua hii. Ijazeni, pamoja na namba ya simu ya jirani, kwani usiku ule tulikosa namba nyingi. Mtoto aje na kofia, viatu vilivyofungwa vya kukanyagia tope, na chupa ya maji isiyo ya kutupwa. Na kuna ndoo mbili na kamba ndefu ya katani zilizoazimwa shuleni kwa ajili ya Idi. Tunaomba zirudi kabla ya kufungua.

Wasalaam,

Mwalimu Mkuu