Barabára na barábara ni maneno mawili

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Siku hizi redioni utamsikia msomaji wa habari akisema mgonjwa fulani "amepona barabara", huku mkazo kauweka pale pale anapouweka akitangaza foleni ya magari. Masikioni mwangu, mgonjwa huyo kaponea njiani.

Ile tunayopita hutamkwa barabára, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili. Ile yenye maana ya sawasawa, vilivyo, ni barábara. Mkazo umerudi nyuma silabi moja, kama katika lázima. Ujenzi wa barabára huweza kwenda barábara, au usiende. Kwa maandishi ya kawaida hayatofautiani hata kwa nukta, kwa hiyo kazi yote imeachiwa ulimi. Ukitia -ni ukapata barabaráni, utata umekwisha, maana barábara haipokei kiambishi hicho.

Barábara chimbuko lake ni Kiajemi, nayo imeenea hadi Bara Hindi. Ingia duka la Mgujarati, hesabu ikilingana atakuambia "barabar!" Wapo wanaoshikilia kwamba barabara ya magari ni "bara" iliyorudiwa, yaani njia ya kwenda bara. Maelezo matamu, lakini mimi hayaniingii. Barabara ni njia iliyopanuliwa na kusawazishwa, na usawa huo naona ndio ule ule wa Kiajemi.

Njia, kwa upande wake, ni Mbantu wa kuzaliwa. Warundi husema inzira, Wachewa njira, Wasukuma nzila. Sisi tumeimeza ile l, kama tulivyoimeza kwenye njala tukabaki na njaa. Nayo ina silabi mbili tu, nji-a. Anayeanza na "ni" au "en" anachomeka silabi isiyokuwapo.

Ombi langu ni dogo. Wanaoandaa habari za kusomwa hewani waweke alama ya mkazo juu ya "a", kama nilivyofanya hapa, kila barábara inapotokea. Lile neno jingine waliache lilivyo, halina shida. Na gazeti lako, Mhariri, lingeanza na ukurasa wa watoto, kwa kuwa huo ndio unaosomwa kwa sauti nyumbani.

Msomaji wenu,
Tanga