Mdogo wangu, Jumamosi usisaini kama shahidi

Mdogo wangu,

Juzi uliponitumia ile picha ya kiwanja, wewe na shemeji mmesimama katikati ya majani mnacheka, nilifurahi mpaka nikaanza kupiga hesabu ya matofali kichwani utadhani hela inatoka kwangu. Alafu nikasoma meseji ya chini yake, "tunaandikishana Jumamosi, mkataba utakuwa jina lake, si tunajua ni chetu wote", usingizi ukaisha. Ningekupigia ila ungesema dada ameshaanza gundu lake, kwahiyo naandika, na naandika hapa wazi bila kukutaja maana najua sio wewe peke yako mwenye safari hiyo Jumamosi.

Kuna kitu sijawahi kukusimulia chote. Mwaka 2012 sisi nasi tulinunua kiwanja, milioni 3 na nusu, katika hiyo milioni 2 ilikuwa yangu, tulikuwa tumevunja kikoba wiki ile ile. Tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa, kachumba kamoja, meza, mhuri na kile kidau cha wino wa dole gumba. Mwenyekiti anaandika kwa mkono, katikati kaweka karatasi ya kaboni ili zitoke nakala. Akaandika muuzaji, akaandika mnunuzi, akamuuliza mume wangu namba ya simu, alafu akanigeukia na heshima zote, "na mama yeye tumuweke huku kwa mashahidi eeh?" Nikasaini. Shahidi namba mbili, upande wa mnunuzi. Hela ilitoka kwenye mkoba wangu, nimeihesabu mwenyewe pale mezani, alafu nikasaini kwamba nimeshuhudia mtu mwingine akinunua.

Na hakuna aliyenilazimisha, ndo maana naona aibu kulisema. Niliona nikidai jina pale mbele za watu nitakuwa namvunjia mwenzangu heshima.

Wakati ule kule ni porini, hata bodaboda hawataki kwenda. Alafu lami ikaja, umeme ukaja. Unakumbuka Julai 2020 Benki ya Dunia ilivyotangaza Tanzania tumeingia uchumi wa kati wa chini watu wakapost bendera, mi mwaka huo huo naanza kusikia madalali wanampigia mume wangu usiku usiku. Kiwanja cha porini hakigombaniwi na mtu mdogo wangu, ugomvi unakuja na lami. Ndoa ilipovunjika tukaanzia baraza la usuluhishi la kata kama utaratibu unavyotaka, mzee mmoja pale akaishika ile karatasi akaisogeza mbali na macho akasoma, akaniangalia, "mbona wewe hapa ni shahidi tu?"

Sasa najua utaniambia sheria si ipo. Ipo, tena ya zamani kuliko mimi na wewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mke ana haki sawa na mume kumiliki mali, na nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila mwenza kuridhia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ikasema kazi za nyumbani, kupika, kulea, nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Sheria za Ardhi za 1999 nazo zikasema haki ya mwanamke kwenye ardhi ni sawa na ya mwanaume, hata baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba lazima watatu wawe wanawake. Kwenye makaratasi tuko vizuri sana bana.

Ila mahakamani hawakuulizi unapendwa kiasi gani, wanakuuliza ulichangia nini, leta. Mimi nilizunguka miaka miwili na bahasha ya kaki, daftari la kikoba, risiti za bati zilizofutika mpaka unazisoma kwa kuziinamisha kwenye mwanga, fundi aliyejenga msingi nikamtafuta wiki tatu nzima aje aseme nani alikuwa anamlipa. Nilipata sehemu, sio nusu. Jina moja kwenye ule mstari wa mnunuzi lingeniokolea hiyo miaka miwili.

Na hapo ni mkiachana. Akifa je (Mungu apishe mbali, shemeji nampenda)? Kuna kanuni za mirathi za kimila za 1963 mpaka leo mabaraza ya ukoo yanazifuata, zinasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, na binti kwenye kurithi yuko daraja la tatu, la mwisho. Ukikaa pale msibani na kitenge kichwani huku mashemeji wanauliza hati iko wapi, hiyo "ni chetu wote" utamwambia nani?

Simsemi vibaya mumeo. Wangu naye alikuwa mtu mzuri 2012, ndo alinibebea maji nilipojifungua. Na shemeji akiona wazo lako la ajabu muulize benki wakitaka kumkopesha kwa nyumba hiyo watamuomba saini ya nani, si yako? Basi kama saini yako inatakiwa kwenye deni, iwepo na kwenye kununua.

Kwahiyo mwambie kabla ya Jumamosi, mkiwa wawili, usimvizie mbele ya mwenyekiti. Beba kitambulisho chako cha NIDA. Kwenye mnunuzi yaandikwe majina mawili, la kwake na la kwako, na mtakapofika kwenye hati iwe hivyo hivyo. Hela ya kwako usimpe mkononi, mtumie muuzaji kwa simu ujumbe ubaki. Mwenyekiti akikwambia "mama kaa huku kwa mashahidi" mwambie shahidi wangu yuko njiani, anakuja.

Nitakuja na basi la saa kumi na mbili. Pale pa kusaini napajua.

Dada yako