Kabla ya kuvunja ukuta, muulizeni anayesimama jikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu makala ya ukurasa wenu wa nyumba, ile iliyowahimiza wasomaji waondoe ukuta kati ya jiko na sebule. Picha zake zilinivutia, kama zilivyonivutia nyingine za aina hiyo miaka minne iliyopita. Nilizikata, nikazibandika kwenye daftari, nikamkabidhi fundi. Ukuta ukavunjwa kwa siku mbili. Mwaka uliofuata tukaujenga upya, si wote, lakini sehemu kubwa yake.

Siandiki kupinga jiko la wazi, maana wapo linaowafaa. Naandika kwa sababu makala nzima haikutaja kipimo hata kimoja, wala haikuuliza ni nani atakayepika humo na ni nani atakayekaa sebuleni wakati chakula kinapikwa.

Nianze na sebule, kwa kuwa ndiko tulikoumia kwanza. Kochi letu kubwa lilikuwa limeegemea ukuta ule, na kabati la vitabu pia. Ukuta ulipoondoka, kochi likabaki limeelea katikati ya chumba, na njia ya kutoka mlangoni kwenda jikoni ikapita mbele ya magoti ya waliokaa. Kila anayetaka maji ya kunywa anawakatiza waliokaa wakizungumza. Hapo nyuma sikuwahi kufikiri kwamba ukuta una kazi ya kubeba vitu na kuelekeza miguu ya watu.

Kisha kelele. Tunaishi na mama mkwe wangu, na masikio yake yanasaidiwa na kifaa. Kifaa hicho hukuza sauti, na hukuza za vyombo pamoja na za watu. Sakafu yetu ni ya vigae na kuta hazina kitu, kwa hiyo kila mfuniko ukianguka mlio wake unarudi mara mbili. Mama hakulalamika. Alianza tu kuondoka sebuleni kila jiko lilipowashwa, akawa anakwenda kukaa chumbani peke yake. Ilinichukua wiki kadhaa kuliona hilo, na nilipomuuliza akanijibu taratibu: "Mwanangu, nikikiwasha kifaa nasikia masufuria tu, ninyi siwasikii." Tulibomoa ili tuwe pamoja, kumbe tumemfukuza mtu sebuleni kwake mwenyewe.

Harufu na mvuke navyo vikahamia kwenye mapazia na makochi. Feni tuliyofungiwa juu ya jiko ilikuwa ya kuvuta hewa, kuichuja na kuirudisha mle mle. Kichujio kinapunguza mafuta na harufu kiasi, lakini unyevu na joto vinabaki ndani. Feni inayofaa jiko la wazi ni ile yenye bomba la kutoa hewa nje ya nyumba, na bomba hilo lisiwe refu wala lenye kona nyingi. Wanaopikia gesi wana sababu kubwa zaidi ya kulizingatia hili, kwani moto wa gesi unatoa hewa chafu hata kama hakuna kinachoungua. Ukuta wa nje uko wapi na bomba litapita wapi ni maswali ya kuulizwa kabla ya rangi ya kabati.

Sasa jiko lenyewe. Fundi alihamishia sinki kwenye ukuta wa mbali ili kupata nafasi ya kaunta ya katikati, ile wanayoiita kisiwa. Kwenye mchoro ilipendeza. Katika kazi ilimaanisha hatua saba nikiwa nimebeba sufuria la maji yanayochemka, kutoka jikoni hadi kwenye sinki, nikizunguka pembe ya kisiwa. Jioni moja mjukuu wangu alitokea mbio upande wa pili wa pembe ile. Nilijipinda, maji yakamwagika kwenye vigae, mvuke ukapanda kati yetu, yeye akasimama akinitazama. Hakuungua. Mimi mikono ilinitetemeka hadi usiku, na kesho yake nilichukua futi ya kupimia.

Nilichojifunza tangu siku hiyo ni kwamba kati ya sinki na jiko inatakiwa kaunta mfululizo yenye urefu wa sentimita 90 au zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hufanyika hapo. Kila upande wa jiko pawe na angalau sentimita 30 za kutulia chombo cha moto, na kando ya friji, upande unaofungukia mlango, pawe na mahali pa kuweka ulichokitoa. Njia ya kupita kati ya kaunta mbili iwe sentimita 100 akipika mmoja, na 120 wakiwa wawili, la sivyo mtagongana nyonga kila mlango wa kabati unapofunguliwa. Anayetaka kuhamisha sinki akumbuke pia bomba la maji machafu. Linahitaji mteremko, kama sentimita 2 kwa kila mita, na kadiri sinki linavyokwenda mbali ndivyo sakafu inavyokatwa.

Urefu wa kaunta ndio uliokuwa unaniuma mabega bila mimi kujua sababu. Makabati mengi hutengenezwa ili kaunta ifikie sentimita 90 kutoka sakafuni. Mimi nina sentimita 152. Simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, halafu utoe sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo pa kukatia na kukandia. Kwangu ilitoka 82. Mume wangu, aliye mrefu na ndiye muosha vyombo wetu, alikuwa anainama kwenye kaunta ile ile iliyoninyanyua mabega, kwa kuwa kwenye sinki mikono hufanya kazi chini zaidi, karibu na kitako cha sinki. Tukashusha kipande kimoja cha kaunta kwa ajili yangu na kuinua sinki kwa ajili yake. Wageni huiona tofauti hiyo ya kimo wakauliza kama fundi alikosea. Hakukosea, na mgongo wa mume wangu ni shahidi.

Haya si mambo mapya. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Vienna, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Chumba kilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu, na majiko kama hayo yalijengwa takriban 10,000. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba kabla ya kazi ile hakuwahi kupika. Alichofanya ni kuhesabu hatua na dakika za wanaofanya kazi za nyumbani, akaweka meza ya kazi chini ya dirisha, kiti cha kuzunguka, na taa ya kusogezwa darini ili kivuli cha mpishi kisiangukie anachokata. Kati ya jiko na sebule aliweka mlango wa kuteleza, mama apate kuona watoto. Jiko lile lilikuja kulaumiwa kwa kuwa watu wawili hawaenei, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini hebu angalieni: miaka karibu 100 iliyopita mtu alikwisha kupata njia ya tatu, isiyo ukuta mzima wala uwazi mtupu.

Nasi tulifuata njia hiyo. Ukuta umerudi, na ndani yake kuna mlango mpana wa kuteleza na dirisha la kupitishia vyombo. Nikikaanga nafunga. Nikikata nafungua, namwona mjukuu sakafuni na madaftari yake, na mama mkwe yuko kwenye kochi lililopata tena mgongo wa kuegemea.

Safari hii hatukuanza na picha. Tulichora kila kitu sakafuni kwa chaki, kwa vipimo halisi, tukapanga maboksi mahali pa kabati na friji, tukaishi na michoro ile siku nne. Siku ya pili tu tuligundua kwamba mlango wa friji ungegonga mlango wa kuteleza. Chaki ikafutwa, tukachora upya. Fikirini kama ingekuwa mbao na vigae!

Neno moja kuhusu kuvunja: ukuta wetu, kwa bahati, haukuwa unabeba kitu. Fundi wa kwanza alisema hivyo baada ya kuugonga kwa ngumi, nami nikamwamini. Msifanye hivyo. Ukuta unaobeba dari au ghorofa ya juu hautambuliki kwa mlio, na kabla haujaguswa ni mhandisi wa majengo anayepaswa kuja kuukagua na kuhesabu boriti itakayoshika nafasi yake.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mkichapisha tena picha ya jiko, wekeni kando yake ramani yenye vipimo: kimo cha kaunta, upana wa njia, umbali wa sinki na jiko, na bomba la feni linatokea wapi. Na mwandishi wenu amtafute anayepika humo kila siku, amuulize mabega yake yana hali gani.

Ni mimi,
Msomaji wenu wa siku nyingi